Dawa ya kifafa, mfupa uliovunjika na makopo matatu ya vitamini

"Daktari, salamu. Nina miaka 38 na nimeishi na kifafa tangu nikiwa na miaka 13. Nilianzishiwa fenobabitoni, baadaye nikahamishiwa Tegretol, na sasa nimeimeza kwa zaidi ya miaka 18. Huu ni mwaka wa tatu sijaanguka kwa kifafa. Juzi niliteleza kwenye ngazi za jengo letu hapa Eastleigh, Nairobi, nikavunjika kifundo cha mkono. Haikuwa ajali kubwa, nilijishikiza tu na mkono. Daktari aliyenifunga plasta aliuliza natumia dawa gani. Nilipomtajia akasema, 'Hizo dawa hula mifupa,' akaendelea na kazi yake. Nikapitia kemisti nikauziwa makopo matatu: kalsiamu, vitamini D ya yuniti 5,000 na multivitamini. Jirani yangu ananiambia niache Tegretol nibaki na vitamini. Mapaja yameniuma kwa miezi mingi, na nikiinuka kwenye mkeka lazima nishike ukuta. Kazi yangu ni ya dukani, ninavaa buibui, na ninatumia sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi. Je, niache dawa? Na hizi vitamini zitanitosha?"

Dada yangu, pole sana kwa mkono. Kabla ya jambo lingine lolote: usiache Tegretol, wala usiipunguze hata nusu tembe, mpaka umeketi na daktari anayekutibu kifafa. Dawa hii ikikatwa ghafla, kifafa kilichotulia miaka mitatu kinaweza kurudi kwa kishindo, mishtuko ikafuatana bila mgonjwa kurudiwa na fahamu, na hali hiyo huua. Hata tukiweka hatari hiyo kando tukafikiria mifupa peke yake, bado kuacha ni hasara. Mshtuko mkubwa wa kifafa hukaza misuli kwa nguvu inayoweza kuvunja pingili za uti wa mgongo au kuchomoa bega, mtu akiwa amelala kitandani mwake. Ukimkuta kwenye ngazi au kando ya jiko, huenda akavunjika nyonga au kuungua. Dawa imekukinga na hayo yote kwa miaka mitatu. Jirani yako anakutakia mema, ila kwa hili amekosea.

Ninavyokuelewa, una wasiwasi wa aina mbili. Unataka kujua kama ni kweli kwamba dawa iliyokutunza ndiyo iliyokudhoofisha mifupa, na kama makopo uliyonunua yatarekebisha mambo. La kwanza linawezekana sana, ingawa nadhani dawa haikufanya kazi hiyo peke yake. La pili pia linawezekana, lakini umeanza kujaza kabla ya kupima, na katika maelezo yako kuna jambo linalonifanya nitake upimwe wiki hii hii. Nitalifikia.

Daktari wa plasta hakukudanganya, ila alikuachia hofu bila maelezo. Madhara makubwa ya Tegretol kwa mifupa huanzia mbali na mifupa yenyewe: kwenye ini. Ngozi yako ikipigwa na jua hutengeneza vitamini D. Vitamini hiyo husafiri hadi kwenye ini, ambako hubadilishwa kuwa akiba inayozunguka kwenye damu, na akiba hiyo ndiyo hupimwa maabara. Kisha figo huichukua na kuipa umbo la mwisho lenye uwezo wa kuufanya utumbo unyonye kalsiamu kutoka kwenye chakula. Vitamini D ikipungua sana, utumbo hunyonya takriban asilimia 10 hadi 15 tu ya kalsiamu unayokula. Ikiwa ya kutosha, hunyonya asilimia 30 hadi 40. Mtu anaweza kunywa maziwa kila siku na bado mifupa yake ikakaa na njaa.

Kabamazepini, yaani dawa yenyewe iliyo ndani ya Tegretol, pamoja na fenitoini, fenobabitoni na primidoni zina tabia moja zinayoshiriki: hulisukuma ini litengeneze vimeng'enya vingi kuliko kawaida. Kazi ya vimeng'enya hivyo ni kuvunjavunja dawa na kemikali ili mwili uzitoe nje, na vikishakuwa vingi huvunja pia ile akiba ya vitamini D. Ni kama mtungi wa maji wenye tundu chini. Ukiujaza kwa kipimo kinachomtosha jirani mwenye mtungi mzima, wako hautajaa, na hutajua uongeze kiasi gani mpaka uchungulie ndani.

Kalsiamu ikianza kushuka kwenye damu, mwili hauvumilii, maana moyo, misuli na neva huitegemea kila sekunde. Tezi nne ndogo zilizo shingoni hutoa homoni ya parathiroidi, nayo huchota kalsiamu mahali pekee penye akiba kubwa, yaani mifupani. Damu hubaki na kiwango chake huku mfupa ukigharamia. Ndiyo sababu mtu hupimwa kalsiamu peke yake, majibu yakarudi mazuri, akaambiwa aende nyumbani hana tatizo. Nimeona karatasi za namna hiyo mikononi mwa wagonjwa mara nyingi, na kila mara huniuma, kwa kuwa kipimo kilichohitajika hakikuagizwa.

Fenitoini huongeza jingine juu ya hilo, kwani hugusa moja kwa moja seli zinazojenga mfupa. Valproeti, inayofahamika na wengi hapa kama Epilim, haichochei ini kwa njia hii, na bado tafiti kadhaa zimeihusisha na mifupa kupungua kwa njia nyingine. Hakuna jipya katika haya. Fenobabitoni imetumika kutibu kifafa tangu 1912 na fenitoini tangu 1938, na mwishoni mwa miaka ya 1960 madaktari nchini Ujerumani walishaandika kuhusu wagonjwa wa kifafa waliolainika mifupa. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwakumbusha madaktari wafikirie kumpa vitamini D mgonjwa anayetumia kabamazepini, fenitoini, primidoni au valproeti kwa muda mrefu ikiwa hapati jua, hapati kalsiamu ya kutosha kwenye chakula au hatembei. Wewe umetumia dawa za kundi hili kwa miaka 25. Ulistahili kuambiwa mapema.

Sasa lile jambo nililoahidi. Umetaja kwa kupita tu kwamba mapaja yanakuuma na kwamba huinuki kwenye mkeka bila kushika ukuta. Kwangu hilo lina uzito kuliko hata mkono uliovunjika. Mifupa hudhoofika kwa njia mbili tofauti. Katika ya kwanza, wingi wa mfupa hupungua polepole, nao hauumi hata kidogo mpaka siku unapovunjika. Hiyo ndiyo osteoporosisi. Katika ya pili mfupa upo, lakini haupati madini ya kuukaza, kwa hiyo unakuwa laini. Kwa mtoto hali hii huitwa matege. Kwa mtu mzima huja na maumivu mazito ya mapaja, nyonga, mbavu au kiuno, pamoja na udhaifu wa misuli mikubwa ya mapaja, hata kupanda ngazi au kuinuka kutoka sakafuni kukawa kazi. Siwezi kusema kutoka hapa kwamba unayo. Maumivu kama hayo yana sababu nyingine pia. Lakini dalili zako na historia yako vinaelekea huko, na habari ya kutia moyo ni kwamba mifupa iliyolainika kwa ukosefu wa vitamini D hutibika vizuri sana. Maumivu mara nyingi hupungua ndani ya wiki au miezi, na nguvu za mapaja hurudi.

Kwa hiyo vipimo. Nenda kwa daktari umwombe akuandikie kipimo cha vitamini D kwenye damu (ile akiba, ambayo kwenye fomu huandikwa 25-hydroxy), kalsiamu, fosfeti, alkalaini fosfatesi (kimeng'enya kinachotoka mifupani na kwenye ini), homoni ya parathiroidi na kazi ya figo. Maabara moja itakupa jibu la vitamini D kwa nanogramu na nyingine kwa nanomoli, na watu huchanganyikiwa hapo: nanogramu 20 kwa mililita ni sawa na nanomoli 50 kwa lita, na chini ya hapo wengi wetu tunahesabu kuwa ni upungufu. Fedha zikiwa chache, msaidie daktari achague kwa kumweleza habari ya mapaja. Kalsiamu, fosfeti na alkalaini fosfatesi ni vipimo vya bei nafuu na huanza kuonyesha njia. Ila alkalaini fosfatesi isomwe kwa makini, kwa sababu dawa yako inaweza kuipandisha kidogo kupitia ini hata mifupa ikiwa salama.

Kipimo cha DEXA, kinachopima wingi wa mfupa kwa miale hafifu, kinapatikana Nairobi katika baadhi ya hospitali. Ni kizuri, na kwa mtu aliyevunjika kwa kuteleza tu kina maana. Lakini kisiwe cha kwanza. Mfupa laini na mfupa uliopungua hufanana kwenye DEXA, na ukipewa dawa kali za kuzuia mfupa kumomonyoka wakati vitamini D iko chini, kalsiamu ya damu inaweza kuporomoka. Damu kwanza, DEXA baadaye.

Kuna swali ambalo pengine hakuna aliyekuuliza: ulianguka kwa nini? Unasema uliteleza, nami nakuamini. Hata hivyo jikumbushe kama unakumbuka mwanzo hadi mwisho wa tukio lile, na kama kulikuwa na mtu aliyeona. Kifafa kidogo cha sekunde chache kinaweza kumwangusha mtu akadhani ameteleza. Vilevile kabamazepini ikizidi kwenye damu huleta kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili na kuyumba, na inaweza kushusha sodiamu ya damu, jambo linalomfanya mtu apepesuke, hasa akishapita umri wa makamo. Sodiamu ni kipimo rahisi, kiongezwe kwenye fomu ileile. Udhaifu wa mapaja nao huangusha. Tafiti zimeonyesha kwamba watu wenye kifafa huvunjika mifupa angalau mara mbili zaidi ya wenzao, na kuanguka kuna sehemu kubwa katika hilo kama ilivyo kwa dawa.

Tuje kwenye makopo. Vitamini D ya yuniti 5,000 siyo sumu, usiogope kwa zile ulizokwisha meza. Mtu mzima wa kawaida anahitaji takriban yuniti 600 kwa siku, na kiwango cha juu kinachohesabika kuwa salama bila kusimamiwa na daktari ni 4,000. Kwa watu wanaotumia dawa zinazochochea ini, mwongozo wa madaktari wa homoni wa Marekani wa mwaka 2011 ulisema huenda wakahitaji mara mbili hadi tatu ya kipimo cha wengine. Kwa hiyo 5,000 inaweza kuwa ndiyo hasa inayokufaa, au ikawa ndogo kwa miezi ya kwanza ya matibabu. Ninachokiomba ni kwamba utolewe damu kwanza kabla ya kuendelea, ili tujue ulipoanzia, kisha urudie kipimo baada ya miezi mitatu hivi. Soma lebo: unayotaka ni D3, kolekalsiferoli. Kwenye rafu hiyohiyo kuna alfakalsidoli na kalsitrioli, ambazo ni vitamini D iliyokwisha kamilishwa, zinazotolewa hasa kwa wagonjwa wa figo na wa tezi za parathiroidi. Hizo hupandisha kalsiamu haraka na si za kujinunulia.

Ukiambiwa kuna sindano moja ya vitamini D ya mamia ya maelfu ya yuniti itakayokumalizia shida ya mwaka mzima, kataa kwa upole. Huko Australia kina mama wazee walipewa yuniti 500,000 mara moja kwa mwaka, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2010 yalionyesha kwamba walianguka na kuvunjika zaidi kuliko waliopewa tembe za kulinganishia zisizo na dawa. Mfupa unapenda kidogo cha kila siku au cha kila wiki.

Kalsiamu ya kopo ni suala la hesabu. Mtu wa umri wako anahitaji miligramu 1,000 hivi kwa siku, na nyingi kati ya hizo zinaweza kutoka jikoni. Glasi ya maziwa au mala ina takriban miligramu 300. Kikombe cha sukuma wiki iliyopikwa kinakupa zaidi ya 150, na kalsiamu yake hunyonywa vizuri. Spinachi inaonekana nayo imejaa, lakini ina asidi inayoishikilia kalsiamu isinyonywe, kwa hiyo usiihesabu. Omena huliwa mzimamzima na mifupa yake, nayo ni hazina ambayo watu huidharau kwa sababu ni ya bei ya chini. Uji wa wimbi una kalsiamu nyingi kuliko wa mahindi kwa mbali, na ukichachushwa mwili huipata kwa urahisi zaidi. Ukila hivi siku nyingi, utahitaji tembe moja ndogo ya kalsiamu au usihitaji kabisa. Ukiimeza, imeze na chakula, ugawe badala ya kumeza nyingi kwa mpigo. Wasomaji wanaotumia fenitoini waitenganishe na kalsiamu au dawa za kiungulia kwa saa mbili au zaidi, vinginevyo fenitoini hainyonywi vizuri na kifafa kinaweza kurudi. Wanaomeza madini ya chuma au dawa ya thairoidi nao watenganishe.

Multivitamini ndiyo yenye faida ndogo kwako, ila iangalie vitamini B6. Kwa dozi kubwa, B6 inaweza kushusha kiwango cha fenitoini na fenobabitoni, na ikimezwa nyingi kwa muda mrefu huharibu neva za miguu. Kiasi cha miligramu chache kilicho kwenye multivitamini ya kawaida hakina shida. Mafuta ya ini la samaki sikupendekezei kama njia ya kupata vitamini D, maana huja na vitamini A nyingi, na vitamini A ikizidi hudhuru mfupa na mimba. Kuna vitamini moja ambayo hukuitaja na ningependa uipate: asidi ya foliki. Dawa yako huishusha, na mwanamke anayeweza kushika mimba, hata bila kupanga, anapaswa kuwa na akiba yake mapema. Dozi muulize daktari wako, kwa sababu wengine wanahitaji ya kawaida na wengine kubwa zaidi.

Utaniambia Nairobi ina jua. Kweli, tuko karibu kabisa na ikweta, juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na jua letu lina makali mwaka mzima ukitoa zile wiki za mawingu za Julai. Lakini jua linalokukuta nyuma ya kioo cha duka halitengenezi vitamini D, kwa sababu kioo huzuia miale inayohitajika. Nguo huizuia pia. Na ngozi yetu nyeusi, pamoja na baraka zake, huchukua muda mrefu zaidi kutengeneza kiasi kilekile. Sikuombi uvue buibui barabarani. Majengo mengi ya Eastleigh yana paa la kuanikia nguo. Ukipata dakika 20 au 30 huko karibu na adhuhuri, mikono na miguu ikiwa wazi, mara kadhaa kwa wiki, kwenye saa ambayo wanawake wako peke yao, ni mchango mzuri. Hautatosha peke yake ikiwa vipimo vitaonyesha upungufu mkubwa, kwa hiyo usiutegemee kuwa dawa.

Nimeacha sindano ya kupanga uzazi makusudi mpaka hapa kwa sababu ndipo pagumu. Sindano ya miezi mitatu hushusha homoni ya estrojeni, na mfupa hupungua kadiri unavyoendelea kuitumia. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo kali, kwamba isizidi miaka miwili isipokuwa njia nyingine hazifai. Sehemu kubwa ya mfupa hurudi ukiacha. Lakini usiiache wiki hii kabla ya kuwa na nyingine, na hapa naomba unisikilize vizuri: tembe za kupanga uzazi na kijiti cha mkononi hupungua nguvu kwa mtu anayemeza kabamazepini, kwa sababu vimeng'enya vilevile vya ini huzivunja homoni zake. Wanawake wameshika mimba wakiwa na kijiti mkononi kwa sababu hiyo. Huenda ndiyo maana ulipewa sindano, na aliyekupa hakukosea, maana sindano haipungui nguvu. Njia ambayo haiguswi na dawa ya kifafa na haigusi mfupa ni koili ya shaba. Kwa mwanamke aliyevunjika na mwenye dalili kama zako, hiyo ningeitanguliza. Wako wanaopata hedhi nzito nayo, na kama tayari una upungufu wa damu hilo lizungumzwe kwanza.

Je, ubadilishe Tegretol? Hapa madaktari hatukubaliani sote, nami nitakupa maoni yangu. Levetirasetamu na lamotrijini hazichochei ini namna hii, na kwa yanayojulikana hadi sasa zinaonekana kuwa na upole zaidi kwa mifupa. Lakini wewe umetulia kwa miaka mitatu, na kila anayebadilisha dawa anaweka utulivu huo rehani. Lamotrijini huongezwa polepole sana kwa wiki nyingi kwa kuhofia upele wa hatari. Levetirasetamu huwafanya baadhi ya watu kuwa na hasira au huzuni. Bei na upatikanaji pia ni sehemu ya tiba: dawa nzuri unayoikosa mwezi wa tatu ni mbaya kuliko Tegretol unayoipata kila mwezi. Ningekuwa ndiye daktari wako, ningeanza kwa kupima na kutibu mifupa ukiwa bado kwenye Tegretol. Kisha, plasta ikishatoka na nguvu zikirudi, tungeketi kujadili kubadilisha kwa utaratibu, dawa mpya ikishika kwanza ndipo ya zamani ipunguzwe. Umri wako unanifanya nielekee huko, kwa kuwa mbele yako kuna kukoma hedhi, na wakati huo mfupa hupungua kwa kasi hata kwa asiyemeza dawa yoyote. Ukibadilishiwa, wakumbushe wapime vitamini D tena, kwa maana ini likitulia dozi iliyokutosha inaweza kuwa kubwa kupita kiasi.

Niruhusu nigeuke kidogo kwa wazazi wanaosoma, hasa wenye mtoto mwenye kifafa asiyetembea, anayekaa ndani kutwa na kumeza fenobabitoni au dawa mbili kwa pamoja. Huyo ndiye aliye hatarini kuliko wote. Mfupa usiobeba uzito hupungua, ngozi isiyoona jua haitengenezi kitu, na dawa inamalizia. Mtoto wa aina hii anaweza kuvunjika paja wakati wa kuvalishwa, na mzazi akatazamwa kama aliyempiga. Akianza kulia akishikwa mguu, au mguu ukavimba bila sababu, apigwe eksirei siku hiyo. Na vitamini D yake ijadiliwe kliniki hata kabla ya dalili yoyote.

Kwako wewe, dada yangu, daktari wa kawaida au afisa wa kliniki anaweza kuanzisha vipimo nilivyotaja. Majibu yakionyesha upungufu mkubwa, au ukihitaji kujadili kubadilisha dawa, omba barua ya kupelekwa kwa daktari wa neva, kwa mfano katika kliniki ya Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Yapo ambayo hayangoji miadi: ganzi au kuchomachoma kuzunguka midomo, vidole kujikunja vyenyewe, maana kalsiamu ikishuka mno inaweza yenyewe kuleta mishtuko ambayo watu watadhani ni kifafa chako kimeshinda dawa. Maumivu makali na ya ghafla ya mgongo, au ya kinena yanayokuzuia kukanyaga. Mshtuko unaopita dakika tano, au miwili mfululizo bila fahamu kurudi kati yake. Na ukiwa unameza vitamini D kisha ukaanza kupata kiu isiyoisha, kichefuchefu, choo kigumu na kuchanganyikiwa, acha hayo makopo, usiguse Tegretol, uende ukapimwe kalsiamu.

Siku ya kwenda, beba makopo yote matatu, pakiti ya Tegretol na picha ya eksirei ya mkono. Andika pia tarehe ya sindano yako ya mwisho. Mwonyeshe daktari jinsi unavyoinuka kutoka sakafuni, usimweleze kwa mdomo tu. Akikuona ukishika ukuta, ataagiza vipimo vinavyostahili.